Kifua kinabana, vipimo ni safi

*Pwani ya kusini ya Kenya ina wagonjwa ambao tembe haziwaponyi. Je, wayachungue ya moyoni, au wayaache yapite?*

Mgonjwa huyu hana jina moja, kwa sababu ni wengi. Ni mama wa makamo, amejitanda leso, daftari la zahanati kwapani. Ameamka alfajiri kuwahi foleni. Akiulizwa kinachomsumbua, huutaja mwili: kifua kinabana, kichwa kinagonga, moyo unamwenda mbio usiku, usingizi hamna.

Anapimwa presha, iko sawa. Anadungwa kidole kupimwa malaria, hana. Anapewa tembe za maumivu na kuambiwa apunguze mawazo. Anapanda bodaboda kurudi Kinondo au Milalani, na baada ya wiki chache yuko tena kwenye benchi lile lile.

Wahudumu wa afya wa barabara ya Ukunda hadi Lunga Lunga wanamfahamu. Serikali nayo inamfahamu. Sera ya Afya ya Akili ya Kenya ya 2015 hadi 2030 inakadiria kwamba hadi robo ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya waliolazwa, wana tatizo la afya ya akili.

"Apunguze mawazo" ni agizo tu. Hakuna aliyemfundisha jinsi ya kuyapunguza. Na swali ambalo lingefungua shauri lote, "Nyumbani kukoje, mamangu?", mara nyingi halipati nafasi katika dakika chache za mhudumu mwenye foleni mlangoni.

Tuseme swali limeulizwa. Mama ayaeleze yaliyomo moyoni? Ayachungue, atafute yalikoanzia, alie ikibidi? Wapo wataalamu wanaoamini kwamba hakuna kupona bila hayo. Wapo wanaoamini kwamba kuyafukua ni kumwongezea mzigo. Kwale, kaunti iliyohesabiwa watu 866,820 katika sensa ya 2019, inastahili kuusikia mjadala huu, maana ndiyo inayobeba gharama yake.

Wanaopona husitasita

Tiba ya mazungumzo hutajwa pamoja na jina la Sigmund Freud wa Vienna, lakini hoja nzito zaidi kuhusu hisia ilitoka Chicago. Katika miaka ya 1950, Carl Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wakirekodi vikao vya tiba na kuvisikiliza upya. Kijana mmoja aliyejiunga nao, Eugene Gendlin, alizaliwa Vienna mwaka 1926 na kuwakimbia Wanazi pamoja na wazazi wake. Swali lake lilikuwa jepesi kuuliza: mbona wengine hupona na wengine hawaponi, ilhali wote wanakaa na kuzungumza?

Alichokisikia katika kanda hizo kilimshangaza. Tofauti haikutokana na mbinu za mtibabu, wala na mambo yaliyozungumzwa. Ilikuwa katika namna mgonjwa alivyozungumza. Waliopona hawakuwa wasemaji hodari. Walikuwa wakisita katikati ya sentensi, wakishika neno, wakilikataa, wakitafuta jingine. Mtu husema ana hasira, hunyamaza kidogo, kisha hujisahihisha: si hasira, ni kuhisi ameachwa peke yake. Alikuwa akiusikiliza mwili wake, mahali ambapo jambo lilikuwa limekaa bila jina. Waliozungumza kwa ufasaha juu ya maisha yao, kana kwamba wanasimulia ya jirani, hawakusonga mbele.

Ugunduzi huo una uzito hapa kwetu kuliko tunavyodhani. Ni kawaida kusikia kwamba wagonjwa wa vijijini hawajui kueleza hisia, wanautaja mwili tu. Kwa hoja ya Gendlin, mwili ndio pa kuanzia. Mama anayesema kifua kinabana ameshaanza kazi yenyewe. Moyo na mapafu yakishapimwa na kuonekana salama, mhudumu anaweza kuendelea kutoka hapo hapo: kinabana saa ngapi, akiwa na nani, akikumbuka nini, na siku kinapolegea huwa kumetokea nini.

> Mama anayesema kifua kinabana ameshaanza kazi yenyewe.

Pepo alikuwa na ruhusa ya kusema

Pwani ya kusini haikungoja Vienna wala Chicago iyatambue maumivu yasiyoonekana. Mdigo akiugua maradhi yasiyoeleweka, njia ya zamani, na kwa wengi ya leo pia, ni kwenda kwa mganga. Ikionekana ana pepo, hupigiwa ngoma. Pepo hupanda, hutajwa jina, husema kwa kinywa cha mgonjwa na kutoa madai yake: leso, pete, manukato, chakula cha aina fulani. Wakati mwingine humlaumu mume mbele ya kadamnasi, kwa maneno ambayo mke mwenyewe, siku ya kawaida, asingethubutu kuyatamka.

Mwaka 1975 mtafiti Mwingereza, Roger Gomm, alichapisha makala katika jarida la kianthropolojia la Man kuhusu pepo wa pwani ya kusini ya Kenya. Aliona kwamba wengi waliopandwa walikuwa wanawake, na kwamba kwa njia hiyo mwanamke asiye na nguvu alipata nafasi ya kujadiliana na mume. Mume aliweza kumpuuza mke, lakini kumpuuza pepo ilikuwa hatari.

Hoja ya Gomm haimaanishi kwamba wanawake hao walikuwa wakiigiza. Mgonjwa aliumia kweli, alianguka kweli, na baada ya ngoma alipata nafuu kweli. Nionavyo mimi, kilichotendeka uwanjani kilikuwa kikubwa: jamii nzima ilikubali kukaa usiku kucha kusikiliza uchungu wa mtu mmoja. Kliniki gani ya leo inatoa saa nyingi hivyo?

Ila ngoma ilikuwa na mipaka yake. Pepo akishuka, mama hakuyamiliki maneno yaliyosemwa. Leso ilinunuliwa, lakini ugomvi na mke mwenza ulibaki ulipokuwa. Hofu ya kuachwa haikuguswa. Mwaka uliofuata pepo alirudi na madai mapya, na gharama ikapanda.

Tiba ya mazungumzo inamwomba mama huyo huyo avuke hatua moja zaidi: aseme mwenyewe, "Mimi nimechoka. Mimi naogopa." Wataalamu wanaotoka mijini mara nyingi hawaoni ukubwa wa wanachokiomba. Pepo alimpa mgonjwa sitara. Aliyasema mazito na bado akarudi nyumbani mtu asiye na lawama. Mshauri nasaha anamwondolea kifuniko hicho, kisha anamrudisha kwenye nyumba ile ile, kwa mume yule yule. Asipompa ulinzi mwingine badala yake, amemwacha wazi.

Kwa hiyo mtu asiharakishe kuwacheka wanaokwenda kwa waganga. Aulize kwanza kliniki imewaandalia nini.

Subira haikatazi kujihesabu

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya kuchungua hisia ni ya dini. Muumini husubiri, hamlalamikii kiumbe, humshtakia Mola wake. Anayekwenda kumwaga yake mbele ya mtu wa pembeni huonekana amepungukiwa na imani.

Lakini historia ya Uislamu wenyewe imejaa watu walioichungua nafsi kwa bidii kubwa. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata jina lake kutokana na muhasaba, yaani kujihesabu: kuchunguza nia, hofu, kijicho na majivuno yanayojificha ndani. Al-Ghazali aliyefariki mwaka 1111 aliipa kazi hiyo sehemu nzima katika kitabu chake cha Ihya.

Na yupo Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, ambaye aliandika kitabu kuhusu afya ya miili na nafsi kwa pamoja. Alitenganisha huzuni yenye sababu inayojulikana na huzuni ambayo mwenyewe hajui inatoka wapi, akaona kila moja ina matibabu yake. Alishauri pia kwamba kama watu wanavyoweka akiba ya dawa za mwili nyumbani, waweke akiba ya mawazo ya kuwatuliza siku ya dhiki.

Mgonjwa wa Msambweni anayeambiwa kwamba kuyatazama ya moyoni ni desturi ya kigeni ananyimwa urithi wake mwenyewe. Subira ni kuvumilia jambo ukiwa unalijua. Asiyejua anachokivumilia hajafika kwenye subira, na anayeugua huku akikatazwa kutafuta tiba hajasaidiwa na yeyote.

Tabasamu la mshahara

Diani ina shida ya namna nyingine. Hapa watu hulipwa kwa sura zao. Mhudumu wa hoteli anayeagwa na mtoto mgonjwa asubuhi Mwabungo atafika kazini na kusema "Jambo, karibu" kwa tabasamu hadi jioni. Mwanasosholojia Mmarekani, Arlie Hochschild, alilieleza jambo hili mwaka 1983 alipochunguza wahudumu wa ndege: kuna kazi ambazo mwajiri hununua nguvu za mikono, na kuna kazi ambazo hununua pia hisia. Mtu akizoea kuzivaa hisia za kazi, anaweza kupoteza njia ya kurudia za kwake.

Na tabasamu hilo halina dhamana. Mei 2014, baada ya tahadhari za usalama, kampuni za utalii za Uingereza ziliwaondoa wateja wao pwani, na hoteli za kusini zikapunguza watu. Mwaka 2020 ukaja Uviko. Mwishoni mwa 2024 mgodi wa titani wa Kwale ulimaliza uchimbaji, na mishahara iliyokuwa ikilisha nyumba nyingi ikakatika. Kila mara hesabu zilizotolewa zilikuwa za vyumba, ndege na mapato. Za wanaume waliorudi nyumbani mikono mitupu na kukaa kimya hazikutolewa.

Wanaume hao hawaonekani kwenye benchi la zahanati. Wako mangweni wakinywa mnazi, au chini ya mwembe wakitafuna muguka, na baadhi wamefika kwenye heroini. Kombani kuna kliniki inayotoa methadoni kwa waraibu, na ni huduma ya maana sana. Methadoni hutuliza mwili. Yaliyompeleka mtu kwenye unga bado yanangoja kuzungumzwa.

> Kila mara hesabu zilizotolewa zilikuwa za vyumba, ndege na mapato.

"Msiwachokonoe"

Hapa ndipo upande wa pili unapopaswa kusikilizwa kwa makini, maana hauna hoja za mila peke yake. Una ushahidi.

Katika miaka ya 1980 na 1990 ilienea desturi ya kuwakusanya watu punde baada ya janga na kuwataka wasimulie walichokiona na walivyohisi, katika kikao kimoja. Ilidhaniwa kwamba watakaotoa yote mapema wataepuka kuumwa baadaye. Tafiti zilipojumlishwa, mapitio ya Cochrane ya mwaka 2002 hayakuona faida ya vikao hivyo, na katika baadhi ya tafiti waliovihudhuria walikuwa na hali mbaya zaidi kuliko walioachwa. Leo Shirika la Afya Duniani haliungi mkono desturi hiyo. Mwongozo wake wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa mwaka 2011 unasema mtu asilazimishwe kusimulia. Apewe usalama, maji, habari za jamaa zake, na sikio la kumsikiliza akitaka mwenyewe.

Pwani ya kusini, ambayo haijasahau wafu 272 wa ajali ya feri ya Mtongwe ya Aprili 29, 1994, inapaswa kulishika somo hilo. Kumkalisha mfiwa kitako na kumwuliza "unahisi vipi?" mbele ya watu si tiba.

Mmarekani mwingine, Susan Nolen-Hoeksema, alionyesha kuanzia miaka ya 1990 kwamba kuna kufikiria huzuni kunakoirefusha. Mtu anazunguka pale pale: mbona mimi, mbona siku zote mimi, nimekosa nini. Huko si kuchunguza. Ni kuzama.

Tofauti kati ya kuzama na kuchunguza ndiyo kiini cha suala zima. Anayechunguza anapata neno jipya, anatulia kidogo, anaona hatua ya kuchukua. Anayezama anarudia neno la jana. Mtibabu mzuri anaitambua tofauti hiyo ndani ya kikao kimoja, na asiyefunzwa anaweza kumzamisha mtu mwaka mzima akidhani anamsaidia.

Kutoka Masaka hadi Dagoretti

Ushahidi wa karibu nasi hauelemei upande mmoja, na ndiyo maana unafaa.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini magharibi mwa Uganda, eneo lililoumizwa vibaya na Ukimwi. Waliwauliza kwanza wanakijiji wenyewe taabu za moyo zinaonekanaje kwao. Kisha wakaunda vikundi vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji waliosoma sekondari na kupewa mafunzo ya wiki mbili. Kila mtu alieleza alivyohisi wiki hiyo na kuifunga hisia hiyo na tukio: msiba, ugomvi, mabadiliko ya maisha, au upweke. Wenzake walimsaidia kuwaza la kufanya. Mwishoni, waliobaki na mfadhaiko mkubwa vikundini walikuwa asilimia 6.5. Katika vijiji ambavyo havikupata vikundi, walikuwa asilimia 54.7.

Nairobi ilifanya kinyume kidogo. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017, wanawake 421 wa Dagoretti, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipata vikao vitano na wahudumu wa afya ya jamii ambao hawakuwa wataalamu wa akili. Mafunzo yalikuwa ya vitendo: kupumua taratibu, kulipanga tatizo moja na kulitatua, kurudia shughuli zilizoachwa, kuwatafuta watu wa kuegemea. Hakukuwa na kuchimba historia ya mtu. Nao walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mshindi ni nani basi? Mimi nasoma majaribio haya hivi. Yote mawili yalimpa mgonjwa mtu mmoja aliyemsikiliza bila haraka, kwa lugha yake, kwa muda uliojulikana. Yote mawili yalimalizia na la kufanya. Hisia zilitajwa kwa kiasi kilichohitajika ili tatizo lionekane, na hakuna aliyeambiwa abaki ndani yake. Kwa mama wa Msambweni hicho ndicho kipimo ningekitaka: achungue kadiri anavyoweza kubeba siku hiyo, mwendo auweke yeye, na asiondoke bila hatua moja ya kuchukua nyumbani.

Ukuta mwembamba

Yapo mambo ambayo mbinu yoyote haitayatatua. La kwanza ni siri. Vijijini kwetu mshauri anaweza kuwa mtoto wa shangazi ya mume wa mgonjwa, na chumba cha ushauri kikawa kona iliyokingwa kwa pazia. Sheria ipo: ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, na ya ulinzi wa data tangu 2019, inayozihesabu habari za afya kuwa nyeti. Mgonjwa hawezi kujua hayo anapoyasikia maneno ya mwenzake ng'ambo ya pazia.

La pili ni hofu ya dola. Kwa miongo mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Aliyeokolewa angeweza kushtakiwa, na jamaa wakafundishwa kuficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba. Habari hiyo inastahili kufika kila kijiji cha Kwale, kuanzia Vanga hadi Samburu, kwa sababu wapo wanaonyamaza mpaka leo wakiogopa polisi.

La tatu ni lugha. Mtu hulia kwa lugha aliyolelewa nayo. Bibi wa Kinango anayezungumza Kiduruma asilazimishwe kuitafsiri huzuni yake kwa Kiswahili, sembuse Kiingereza, ili apate huduma.

> Mtu hulia kwa lugha aliyolelewa nayo.

Kazi ya kaunti

Afya imekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo tunajua pa kupeleka ombi. Tangu 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaopita nyumba kwa nyumba. Wa Kwale wapewe mafunzo ya aina ya Dagoretti na Masaka, kwa Kidigo na Kiduruma, wakisimamiwa na wanasaikolojia wenye leseni. Kila kituo cha afya kiwe na chumba kimoja chenye mlango unaofungwa. Maimamu, wachungaji, makungwi na waganga waitwe mezani, waelezwe dalili ambazo hazingoji, na wajue wa kumpelekea mgonjwa.

Wajumbe wa bunge la kaunti hupitisha bajeti kila mwaka kabla ya mwisho wa Juni. Mpiga kura wa Diani, Msambweni, Matuga au Kinango ana haki ya kuhudhuria vikao vya maoni ya umma na kuuliza kuna wanasaikolojia wangapi katika makadirio hayo, na watakaa wapi.

Anayehitaji mtu wa kuzungumza naye leo anaweza kupiga bila malipo 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani apige 1195.